Bibi Arusi Aliyevundikwa

Kibuyu kilifika nyumbani kwetu Bugene kimeviringishwa kitenge kipya, kimepakatwa na mjomba wa bwana harusi aliyekaa nyuma ya pikipiki kutoka Kimuli bila kukiachia hata alipopiga chafya. Ndivyo alivyotusimulia mwenyewe, nasi tulimwamini, kwa sababu nyusi zake zilikuwa nyekundu kwa vumbi na kile kitenge hakikuwa na doa.

Ndani ya kibuyu mlikuwa na siagi. Mama mkwe mtarajiwa wa dada yangu alikuwa ameisuka kwa mikono yake kutoka kwenye maziwa ya ng'ombe wake, akakifukiza kibuyu kwa moshi wa majani makavu, hata tulipokifungua sebule nzima ikanukia malisho. Mjomba alikataa kuketi kabla ya kusema alichotumwa.

"Hii ni ya kumpaka mwana wetu," alisema. "Jumamosi, bibi arusi akitoka, kibuyu kitoke naye. Kitupu."

Ndipo akaketi, akapewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akatafuna, akasifu migomba ya baba, akarudi kwao.

Kwetu bibi arusi ni mali ya shangazi. Mama anaweza kulia, baba anaweza kutoa hotuba, lakini anayemweka ndani na anayemshika mkono kumtoa mbele za watu ni shangazi. Wetu ni dada mkubwa wa baba, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, anayekaa ng'ambo ya kibanja chetu, hatua chache tu kupita kwenye mibuni. Amewatoa mabinti wengi wa ukoo, na hakuna hata mmoja aliyetoka akiwa na ngozi ya mchezo. Nguvu yake iko kwenye kufunika.

Lazima nieleze jambo hili vizuri, maana kila kilichotokea kilitoka hapo. Sisi ni watu wa migomba. Ndizi za kukamua pombe haziivi mtini, tunazivundika. Shimo linachimbwa, linatandikwa majani, mikungu inalazwa humo, inafunikwa majani tena, kisha udongo. Joto linafanya kazi yake gizani. Ukija kufukua, kijani kimekwisha, ndizi zimekuwa za dhahabu na harufu yake inawaita nyuki kutoka kwa jirani. Shangazi ndiye bingwa wa shimo hilo. Hupima joto kwa kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akifumba macho kama anayesali, na hajawahi kukosea. Kwa hiyo alipokabidhiwa binti wa kuivisha ngozi, akilini mwake hapakuwa na njia nyingine.

"Kitu hakiivi kwenye upepo," alisema, akaziba dirisha la chumba cha ndani kwa gunia.

Dada yangu ni mwalimu wa sekondari na mchezaji wa netiboli. Hajawahi kukaa mahali pamoja isipokuwa anasahihisha madaftari. Sasa alikalishwa kwenye godoro, akapakwa siagi kuanzia shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu, akavishwa sweta la mikono mirefu, akafunikwa blanketi mbili, akapewa uji wa moto. Asubuhi na jioni. Uso uliachwa, kwa sababu, kama alivyosema Shangazi, uso una kazi ya kuitikia salamu.

"Naona kama nachemka," dada alilalamika.

"Ndiyo kuiva kwenyewe."

Mimi, mwandishi wa hadithi, nilikuwa nimerudi nyumbani kwa ajili ya harusi, na kazi yangu ilikuwa kukaa naye ili asichoke. Nilimsomea, tulicheka, tuliwasengenya wanaume wote tuliowahi kuwajua. Gauni lake la kuagwa lilining'inia ukutani mbele yetu, la rangi ya papai lililoiva, mikono wazi, mgongo wazi mpaka katikati. Alilichora mwenyewe kwenye karatasi, akalipeleka kwa fundi mjini Kayanga, akarudi kulipima mpaka fundi akamwambia akae hukohuko dukani. Alikuwa akilitazama kama mtu anayetazama mlango wa shule saa ya mwisho.

Kisha mchana mmoja aliacha kucheka katikati ya hadithi.

"Njoo uniangalie mgongo," alisema. "Kuna kitu kinanitekenya, na si wewe."

Nilimvua sweta, nikawasha tochi ya simu. Mgongo wote, kuanzia mabegani mpaka pale kanga inapofungwa, ulikuwa umejaa vidoa vyekundu, vidogo, vimesongamana, kama mtu amemmwagia ulezi na ulezi ukang'ang'ania. Chini ya kwapa vilikuwa vingi zaidi. Kwenye mikunjo ya viwiko vilikuwa vimeungana, ngozi imekuwa nyekundu kama kilemba cha jogoo.

"Viko vingi?" aliuliza.

"Viko kiasi."

"Sema kweli."

"Gauni lina mtandio?"

Hapo alijua.

Shangazi alipoitwa alivitazama kwa muda, akasema ni uchafu unaotoka, akaongeza siagi. Kesho yake uchafu ulikuwa umetoka mpaka tumboni. Mama alileta majani machungu ambayo bibi yetu alikuwa akiwapaka watoto wenye harara, tukayatwanga, tukampaka juu ya siagi. Dada akaruka kama amemwagiwa pilipili. Jirani mmoja aliyekuja kusaidia kumenya ndizi akashauri dawa ya meno. Tulimpaka begani tu, kwa majaribio, na hapo begani ngozi ikawaka mpaka tukaifuta kwa mate na maombi. Wanawake jikoni wakaanza kupiga ramli zao. Huyu alisema surua, yule akasema tetekuwanga, mwingine akasema kunguni wa lile godoro, mama akakasirika kwa ajili ya godoro.

Na simu ikaita. Bwana harusi alikuwa anataka kuuona uso wa mchumba wake.

"Washa kamera," tulimsikia.

"Mtandao mbovu," dada alisema, huku akijikuna kwa kitana mgongoni.

"Mbona mimi nakusikia vizuri?"

"Sauti inapita. Sura ndiyo nzito."

Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu, lakini simu ilipozimika dada alijilaza kifudifudi na nikaona mabega yake yanatikisika kwa namna nyingine. Shangazi naye aliiona. Alisimama mlangoni, mikono imejaa siagi, akasema kwa sauti ya chini ambayo si yake:

"Bibi arusi mwenye vipele mimi simtoi, mwanangu. Si kwa ukali. Watu watasema tumewapa mgonjwa. Visipokwisha, Jumamosi itasogezwa."

"Na wakwe tutawaambia nini?" mama aliuliza.

"Hatuwaambii kitu. Ukisema siagi yao imemtoa vipele, umesema nyumba yao imemkataa. Neno kama hilo likishatoka halirudi."

Kwa hiyo tukawa tumebanwa. Siagi isipokwisha, kibuyu kitarudi na aibu. Ikiendelea kupakwa, bibi arusi hatoki. Na dada yangu alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani, kutoka Jumamosi ndani ya lile gauni, mikono wazi, aende kwa mtu anayempenda.

Mama ndiye aliyemwita muuguzi. Hakusema amemwita, alisema amemkaribisha chai. Muuguzi huyo ni jirani yetu, anafanya kazi zahanati, na alifika jioni akiwa bado na viatu vyake vyeupe.

"Shikamoo, mama," alimsalimia Shangazi.

"Marahaba. Umekuja kunywa chai au umekuja kunitolea mtu ndani?"

"Chai ikiwepo nitakunywa."

Aliingia chumbani, akasimama, akavuta pumzi moja tu.

"Ee waitu, jamani! Humu mnafuga nini?"

Aliomba bilauri ya kioo. Shangazi akaenda mwenyewe kwenye kabati la wageni, akaleta ile yenye maua, muuguzi akaikataa, akataka isiyo na maua. Kisha akamgeuza dada, akalaza ubavu wa bilauri juu ya bega lake na kukandamiza.

"Sogeeni mwone."

Tukasogea, vichwa vikagongana. Chini ya kioo wekundu ulikuwa umetoweka. Ngozi ilikuwa ya kawaida, kahawia safi kabisa. Alipoinua bilauri, wekundu ukarudi taratibu, kama watoto wanaochungulia baada ya mgeni kupita.

"Unakimbia," alisema, na bega lake mwenyewe likashuka. "Vizuri. Ni damu iliyojaa kwenye vimishipa vidogo, ukiibonyeza inasogea. Ingekuwa haikimbii, vidoa vimebaki vilevile chini ya kioo, na mtu ana homa, tusingezungumza habari za chai. Tungekuwa njiani kwenda hospitali saa hizi. Una homa?"

"Sina. Nina joto tu."

"Kichwa? Shingo? Macho yaliwahi kuwa mekundu, mafua, kikohozi?"

"Hapana."

"Kuna dawa yoyote umekunywa?"

"Uji."

Muuguzi akacheka. Akaanza kuvifuata vipele kwa kidole, bila kugusa, kama anayesoma njia kwenye ramani. Vimeanzia wapi? Mgongoni. Vimeishia wapi? Akashika mkono wa dada akautandaza. Vilikuwa vimeishia sawasawa kwenye kifundo, pale sweta lilipoishia. Viganja safi. Miguu, chini ya vifundo, safi. Uso safi kama wa malaika.

"Mmeona?" aliuliza. "Viko pale tu palipopakwa na kufunikwa. Ni vipele vya joto. Jasho lina vimilango vyake kwenye ngozi, vidogo huwezi kuviona. Mmeviziba kwa siagi, kisha mmemwashia moto kwa blanketi. Jasho linafika mlangoni, linakuta kumefungwa, linabaki linagonga. Huko kugonga ndiko kuwasha."

Shangazi alikuwa amekunja mikono kifuani. "Ndizi ninazifunika miaka yote hazijawahi kuwa na vipele."

"Ndizi hazitoki jasho, mama."

Alituelekeza la kufanya. Sweta livuliwe, blanketi ziondoke. Siagi iliyopo itolewe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, bila kusugua, kisha akandwe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi, akaushwe kwa kugusagusa. Avae nguo ya pamba, pana, nyepesi. Akatwe kucha. Losheni ya rangi ya waridi ya kutuliza muwasho inapatikana duka la dawa, apakwe kidogo panapowasha. Na dirisha lifunguliwe.

"Akipata homa, au vipele vikitunga usaha, au vikianza kuuma badala ya kuwasha, msiningoje, mleteni. La sivyo, akipata hewa vitasinyaa vyenyewe."

"Jumamosi?" dada aliuliza, kwa sauti ya mwanafunzi anayeuliza matokeo.

"Ukiacha siagi leo, naamini utavaa gauni lako."

"Kuacha haiwezekani," Shangazi alisema. "Kibuyu kiko nusu."

Muuguzi alimtazama kwa heshima. Ni binti wa hapahapa, anajua kibuyu ni nini. "Hilo sasa si la zahanati," alisema, akaenda kunywa chai yake.

Blanketi ziliondoka, sweta likaondoka. Lakini gunia lilibaki dirishani, na asubuhi Shangazi alikaa mbele ya kibuyu akikitazama kama mtu anayetazama mgeni asiyetaka kuaga. Dada, aliyekuwa amelala vizuri kwa mara ya kwanza, ndiye aliyemwambia.

"Shangazi, nenda Kimuli."

"Nikaseme nini?"

"Usiseme kitu. Nenda ukasalimie."

Shangazi alifikiri. Kusalimia hakujawahi kuvunja mila yoyote. Akaenda kuvaa kitenge chake cha kanisani, akanichukua mimi niwe shahidi, tukapanda pikipiki mbili, yeye mbele, mimi nyuma nikimeza vumbi lake.

Naipenda barabara hiyo kuliko sura yoyote niliyowahi kuandika. Kwanza migomba inakusindikiza pande zote mbili, mizito, ya kijani kibichi, nyumba zimejificha ndani yake kama mbegu. Halafu mashamba yanaanza kuachana. Mgomba mmoja hapa, mwingine kule, kisha vilima vinajivua kabisa na kubaki na nyasi tu, na upepo unakuja kutoka mbali bila kizuizi, unakugonga kifuani kama ndugu aliyekumiss. Kanga ya Shangazi ilipepea mpaka ikamfunika dereva macho. Tulisimama kuifunga.

"Watu hawa wanaishi nje," alisema kwa huruma, akitazama ng'ombe waliotapakaa mlimani. "Hata nyumba zao hazina pa kujificha."

Mama mkwe wa dada tulimkuta uani, kwenye mkeka, ng'ambo kidogo ya mashamba ya Kimuli, malisho yanapoanza. Ni mwanamke mrefu, mwenye mikono mirefu inayong'aa. Alikuwa anampaka mjukuu wake siagi.

"Karibuni, karibuni wakwe zangu! Mbona hamkusema mnakuja? Ningewafukizia maziwa."

"Tumepita kusalimia tu," Shangazi alisema.

Tuliletewa maziwa kwenye vyombo vya mti, yananukia moshi uleule wa kibuyu. Lakini Shangazi hakuwa anakunywa. Alikuwa anatazama mkeka. Mama mkwe alichovya ncha ya kidole, akatoa siagi isiyozidi punje ya haragwe, akaisugua viganjani mpaka ikayeyuka, akampitishia mtoto miguuni na mikononi, kisha akachukua kitambaa akamfuta, kama anajutia hata hiyo kidogo. Mtoto akaachiwa. Akakimbia uchi kuelekea kwa ndama, upepo wote wa vilima vile ukimpiga mgongoni, ngozi yake inameremeta juani.

"Mwanangu anaendeleaje?" mama mkwe aliuliza. "Siagi inamfaa?"

"Inamfaa sana. Tunampaka asubuhi na jioni."

"Kiasi gani?"

Shangazi, ambaye hajui kusema uongo wa vipimo, alikunja kiganja kama anayekinga maji ya mvua. Mama mkwe alikitazama kile kiganja. Kikombe cha maziwa kikasimama njiani kuelekea mdomoni.

"Kisha?"

"Kisha tunamfunika."

"Kwa nini? Ana malaria?"

"Aive!"

Nilisikia ng'ombe anacheua. Halafu Shangazi yangu, mwanamke aliyesema neno kama hilo likishatoka halirudi, aliweka chombo cha maziwa chini, akanyoosha kitenge magotini.

"Mkwe mwenzangu," alisema, "mtoto ametoka vipele. Mgongo mzima. Muuguzi anasema ni joto. Siagi yenu haina kosa, na nyumba yenu haina kosa. Mimi ndiye niliyemfunga gunia dirishani, na Jumamosi inakuja, na sijui nifanye nini na kibuyu chako."

Mdomo wa mama mkwe ulianza kutetemeka, nikadhani amekasirika. Kisha kicheko kikatoka, kirefu, cha mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili.

"Blanketi! Jamani, mnampika mwanangu kwenye majani!"

"Nanyi mngetuambia! Kibuyu hakikuja na mdomo."

"Ningejuaje? Nyie watu wa migomba kila kitu mnafunika. Ndizi mnafunika, sufuria mnafunika, mabinti nao mnafunika!"

"Na nyie mnaacha kila kitu nje mpaka watoto!"

"Waliwahi kuwa na vipele?"

Shangazi alimtazama mtoto aliyekuwa anamlamba ndama, au ndama ndiye aliyemlamba yeye. Akashindwa kujizuia. Walicheka wote wawili, wakishikana mikono, wakisukumana mabega kama wasichana kisimani. Kila walipotaka kunyamaza mmoja alisema "aive!" na wakaanza upya.

Walipopoa, mama mkwe akawa mzito kidogo. Aliuliza kama vinawasha sana, kama dada analala, kama amekula. Akatueleza kwamba kwao siagi ni nguo ya upepo. Hapo kileleni kiangazi kinapasua ngozi mpaka midomo inatoka damu, hivyo wanajipaka kidogo na kutoka nje, upepo unachukua joto, siagi inalinda kilichobaki. Pasipo na upepo haina kazi. Nilimsikiliza nikawaza kwamba mila zetu mbili zote zilikuwa na akili. Kila moja ilikuwa imesoma vizuri kilima chake. Zilikuwa hazijatambulishwa tu, na mahali zilipokutana ni mgongoni mwa dada yangu.

"Na kibuyu?" Shangazi aliuliza. "Mjomba alisema kirudi kitupu."

"Alisema kitupu. Alisema siagi iishie kwenye ngozi?"

"Hakusema."

"Basi, mkwe, huko kwenu hamli maharage?"

Tulirudi Bugene jua likiwa bado juu ya migomba. Shangazi hakuvua hata kitenge cha kanisani. Alikwenda moja kwa moja chumba cha ndani, akashika lile gunia kwa mikono miwili na kulivuta, misumari ikaruka, mwanga ukaingia pamoja na harufu ya maua ya mibuni, na dada yangu akakinga uso, akicheka, akilia.

Kwa kuwa bibi arusi hatakiwi kuonekana, tulimtengenezea pa kukaa nyuma ya nyumba, chini ya mibuni, tukamzungushia mikeka. Akakaa hapo na gauni jepesi la pamba la mama, lililochakaa mpaka likawa laini kama maziwa. Nilimkanda kwa kitambaa na maji ya mtungini. Nilipokiweka mgongoni mara ya kwanza alitoa sauti ambayo sitaisahau, sauti ya mtu aliyetua mzigo wa kuni. Losheni ya waridi ilimfanya awe na vidoa juu ya vidoa. Kila mkono ulipoinuka kujikuna, Shangazi, mlinzi mpya wa upepo, aliupiga kwa upawa. "Hewa! Iache hewa ifanye kazi!" alisema, utadhani hewa aliigundua yeye.

Na bilauri ile isiyo na maua haikurudi kabatini. Kila mtu alitaka kujipima. Mama alipima alama za mbu, zikakimbia. Mimi nilipima chunusi ya kidevuni, ikakimbia nusu. Shangazi alipima baka lake la shingoni, akakandamiza, akauliza, akakandamiza tena.

"Hili halikimbii, Shangazi!" nilimwambia.

"Litakimbiaje? Ni la baba yangu."

Siagi iliingia kwenye maharage, ikaingia kwenye ndizi, ikaingia kwenye mboga za majani. Baba, ambaye kwa kawaida hajui jikoni kuko upande gani, alianza kupita huko kuulizia kiberiti. Majirani waliosema surua walikuja na sahani. Nyumba nzima ilinukia moshi wa malisho, na midomo yetu sote iling'aa, hata isiyotarajia kuolewa. Na kila nilipomgeuza dada kumkanda, ulezi ulikuwa umepungua. Ukawa wa waridi, ukawa kivuli, ukawa vumbi jepesi la ngozi lililotoka na kitambaa.

Jumamosi nyasi mbichi zilitandazwa sebuleni, na ngoma zikaanza. Shangazi alimvisha dada gauni mwenyewe. Alimzungusha mbele ya dirisha lililo wazi, akamkagua bega, kiwiko, mgongo, akatoka nje ya chumba, akarudi na kibuyu. Akamshika mkono.

Nimeandika milango mingi ya kubuni, lakini huo wa kweli sikuwa na maneno yake. Dada yangu alitoka na mikono wazi. Vigelegele vilipanda mpaka kwenye mabati. Bwana harusi, aliyenyimwa sura kwenye simu wiki nzima, alisimama kabla hajaambiwa asimame, wenzake wakamvuta koti akae.

Shangazi alipiga magoti mbele ya mama mkwe, akakigeuza kibuyu kichwa chini, mdomo wazi. Hakikudondoka kitu. Watu wa Kimuli wakashangilia, wakiamini siagi yote imeingia kwenye ngozi ile inayong'aa mbele yao, na hakuna aliyewasahihisha. Mama mkwe alikipokea, akanusa, akainama sikioni mwa Shangazi. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Maharage?"

"Na mboga," Shangazi alinong'ona.

Kisha mama mkwe akamkumbatia dada. Mkono wake mrefu ulipita mgongoni, ukasimama chini kidogo ya shingo, pale ambapo kipele kimoja, kikaidi, kilikuwa kimebaki. Alikiwekea kidole gumba, akakibonyeza, akaachia. Kikapauka, kikarudi chekundu. Akatabasamu na kutazama juu ya bega la dada, moja kwa moja kwa Shangazi.

"Hiki," alisema, "tunakwenda nacho. Kitapata upepo."